Mizani ya Ngoma: Mpigaji na Uhakiki wa Nyimbo za Mombasa

Yapo maneno katika Kiswahili ambayo, yakichunguzwa peke yake, yatosha kuwa ushahidi wa fikira za walioyaunda. Neno ngoma ni mojawapo. Ngoma ni ala iliyowambwa ngozi. Ngoma ni mchezo wenyewe. Ngoma ni wimbo uimbwao mchezoni. Ngoma ni mkusanyiko wa watu waliokuja kucheza na kutazama. Lugha haikuona haja ya kuvitenga vitu hivi. Walioiona haja hiyo ni wahakiki. Katika vitabu na majarida yetu wimbo wa ngoma aghalabu huletwa ukiwa maneno matupu, umepangwa mstari chini ya mstari, umehesabiwa silabi zake, na aliyeupigia hatajwi hata katika tanbihi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa jambo hilo si upungufu wa heshima kwa mpigaji tu. Ni kosa la uhakiki, kwani lamfanya mhakiki aupime wimbo kwa kipimo kisicho chake.

Yafaa nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikitayarisha tasnifu ya shahada ya pili ng'ambo, nilichukua nyimbo za arusi za Mombasa zilizokwisha kuandikwa, nikazihesabu mizani, nikahitimisha kuwa nyingi kati yake ni guni. Wasahihishaji waliridhika. Miaka michache baadaye nilikwenda na karatasi zangu Mwembe Tayari, mtaa ambao jina lake, kwa masimulizi ya wenyeji, lakumbusha misafara iliyokuwa ikijiweka tayari hapo kabla ya kuelekea bara. Nilikwenda kumwona mzee mmoja aliyepiga ngoma za arusi tangu ujanani. Nilimsomea wimbo mmoja, nikamwomba anisahihishe maneno. Mstari wa pili haukumjia mpaka alipovuta sinia na kuanza kulipiga kwa vidole. Hapo maneno yalikuja yote, na pamoja nayo sauti mbili tatu ambazo karatasi yangu haikuwa nazo. Kisha akaniambia, "Mwanangu, haya uliyoandika ni maneno. Wimbo bado hujauandika."

Kauli hiyo yatupeleka moja kwa moja kwenye mjadala wa zamani. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), aliutia utungaji katika kanuni za vina na mizani, naye hakusahau kuwa shairi lapasa kuimbika. Mgogoro ulioshika moto katika miaka ya 1970, hasa baada ya kutoka kwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, uliichukua nusu ya kwanza ya mafundisho hayo na kuiacha ya pili. Wanamapokeo waliitetea mizani. Wanamabadiliko waliiona kuwa minyororo. Lakini mjadala aghalabu ulikwenda kana kwamba pande zote mbili zimekubaliana, bila kuulizana, kuwa mizani ni idadi ya silabi katika mstari ulioandikwa. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), alitukumbusha kuwa tungo za Waswahili ni nyingi kuliko zile zilizokubaliwa na sheria hizo, na kwamba zatoka katika jadi ya kuimba. Alilolianzisha lafaa liendelezwe hatua moja zaidi: tukisha kuisikiliza sauti ya mwimbaji, tuusikilize na mkono wa mpigaji.

Neno lenyewe latuunga mkono. Mizani, kwa asili yake ya Kiarabu na kwa matumizi yake ya kila siku sokoni, ni chombo cha kupimia uzito. Muuza samaki hatumii mizani kuhesabu samaki. Hutumia kujua uzito wao. Silabi nazo hazilingani uzito. Iko inayovutwa, iko inayodokolewa, na iko inayongoja pigo ndipo itamkwe. Kuzihesabu tu ni kuhesabu samaki huku mizani imening'inia pembeni.

Tuchukue mfano mdogo, uliotungwa hapa kwa ajili ya maelezo tu:

Bibi arusi,
Njoo nje twakungoja.

Mstari wa kwanza una silabi tano, wa pili saba. Kwa kanuni za kuhesabu, huu ni utungo uliolemaa. Sasa tuupeleke kwenye mwendo wa chakacha. Mwendo huo huenda kwa mapigo sita sita, na utamu wake ni kuwa mapigo hayo husikika kwa pamoja kama mafungu mawili ya matatu na kama mafungu matatu ya mawili, hata kiuno cha mchezaji kikafuata hesabu moja na makofi yakafuata nyingine. Tuupe kila mstari mizunguko miwili ya mapigo sita. Mstari wa pili hujaza mahali pake karibu pote. Wa kwanza humaliza mapema, na nafasi iliyobaki huchukuliwa na ngoma. Mistari yote miwili imechukua muda mmoja na uzito mmoja. Pengo aliloliona mhakiki ndipo mahali pa ngoma kusema. Mhakiki huyo ni mfano wa mtu aliyesikia mazungumzo ya watu wawili, akaandika maneno ya mmoja, kisha akamlaumu kuwa hakamilishi sentensi.

Huyo msemaji wa pili ni nani? Katika chakacha, ambayo kwa desturi wanawake ndio wachezao na wanaume ndio wapigao, ngoma zitajwazo ni chapuo, vumi na msondo. Mwanaisimu atatambua mara moja kuwa majina mawili ya kwanza yamefungamana na vitenzi. Kuchapua ni kupiga na kuhimiza mwendo. Kuvuma ni kutoa sauti nzito iendayo mbali. Chapuo huchapua, vumi huvuma. Msondo ni ngoma ndefu, yenye ngozi upande mmoja, isimamishwayo. Jina lake limesafiri kuliko ala yenyewe: Dar es Salaam bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ilikuja kujulikana kuwa Msondo Ngoma, ingawa mdundo wake wategemea dramu na tumba.

Ufundi wa ala hizi hauanzii kwenye mkono. Waanzia kwenye ngozi. Ngozi ya mnyama hunywa unyevu wa hewa ikalegea, na hewa ya Mombasa haikosi unyevu. Kwa hiyo mpigaji huipasha ngoma moto au kuianika juani, akaigonga, akaisikiliza, akairudisha tena, mpaka sauti ya chapuo iachane na ya vumi kwa kadiri aitakayo. Mithali isemayo kuwa kila mwamba ngoma huivutia kwake tumezoea kuifasiri kuwa ni ya ubinafsi, nayo ni kweli. Lakini mithali hiyo pia ni maelezo sahihi ya kazi: ngozi isiyovutwa kwa mkono wa anayeijua haitoi sauti. Ngozi za plastiki, zilizoanza kuenea duniani kwenye dramu tangu mwaka 1957, hazihitaji moto. Zimempunguzia mpigaji kazi, na pamoja na kazi hiyo zimeondoa maneno yake.

Hoja yetu yapata nguvu zaidi tukimfuata mpigaji kutoka mtindo mmoja hadi mwingine. Katika maulidi hushika twari. Katika taarabu ya Mombasa hupewa tabla, dumbak au bongo. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita, na alijulikana sana kwa kuchukua tuni za Kihindi zinazokwenda kwa tabla. Hapa tungo ni kamili kwa kanuni zote, vina na mizani.  Atakayeziba tofauti kati ya mizani ya Mvita na mwendo wa Bombay ni mpiga tabla, kwa kumpa mwimbaji nafasi ya kuvuta pale na kubana hapa. Kwa upande wa pili, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma walileta miendo ya ngoma za arusi ndani ya taarabu, na miaka ya 1980 bendi kama Mombasa Roots, Safari Sound na Them Mushrooms zikaipeleka chakacha kwenye magitaa na seti ya dramu. Mpiga dramu ni mtu mmoja aliyeachiwa kazi ya watu watatu. Lazima aamue ni kiungo gani kitakachovuma na kipi kitakachochapua. Hiyo ni tafsiri, na kila aliyewahi kutafsiri shairi ajua kuwa hapo hapo ndipo panapopotea au kuokoka utungo.

Pamoja na hayo, sikuzote sifa huenda kwingine. Kanda na sahani zimebeba jina la mwimbaji na la kundi lake. Mcheza kwao hutunzwa, yasema mithali, na arusini noti hupelekwa kwa anayeimba, mbele ya macho ya watu. Mpigaji hungoja mgao. Baadaye kimekuja kinanda cha umeme chenye midundo iliyokwisha kutiwa ndani, na katika shughuli nyingi mtu mmoja mwenye kinanda hutosha. Mdundo huo haukosei, lakini pia hausikilizi: mwimbaji akivuta silabi, haumngojei. Hivyo mtungaji naye huanza kutunga kwa kuufuata. Ikiwa mistari ya nyimbo mpya inazidi kulingana silabi kwa silabi, pengine kanuni za mizani si ndizo zilizoshinda. Pengine ni kwamba hakuna tena wa kulijaza pengo.

Yamkini msomaji atapinga kuwa utenzi na shairi huimbwa bila ngoma, na zimekamilika. Ni kweli, wala sisemi kuwa kila utungo wa Kiswahili unangoja mpigaji. Ninachosema ni kuwa utungo uliozaliwa ndani ya ngoma usihukumiwe kwa sheria za ule uliozaliwa nje yake. Atakayepinga kuwa haya ni ya wanamuziki, si ya idara ya lugha, na atuambie neno ngoma ni la idara gani.

La kufanya liko wazi. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, katika Sambo ya Kiwandeo (1979), aliyaokoa maneno ya uundaji wa jahazi kwa kuyatia katika utenzi, ili ufundi ukipotea maneno yasipotee nao. Maneno ya kuwamba, kupasha, kuchapua na kupokezana yanastahili bidii kama hiyo. Wanafunzi wetu waendao nyanjani warekodi ngoma pamoja na sauti. Katika kuuandika wimbo waonyeshe mahali pa mapigo. Na kwa idhini yake, waandike jina la mpigaji kando ya jina la mwimbaji, kwani yeye ni mmoja wa watungaji.

Tasnifu yangu ingali katika rafu ya maktaba, na ndani yake nyimbo kadhaa za Mombasa zingali zinaitwa guni. Haya ndiyo masahihisho yake.