Kibonzo kilichofungiwa plastikini hakina msomaji

Mwezi wa Aprili 2024, nakala moja ya kijitabu cha vibonzo iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola milioni 6. Kwa shilingi zetu za wakati huo, hizo ni zaidi ya milioni 750. Kijitabu chenyewe ni toleo la kwanza la Action Comics, la Juni 1938, ambamo Superman alijitokeza kwa mara ya kwanza. Bei yake dukani siku hizo ilikuwa senti 10.

Habari za aina hii husambaa upesi katika simu za vijana, na tangu hapo sikosi mwanafunzi wa kunisimamisha koridoni na kuniuliza: Prof, kumbe vibonzo navyo ni mali? Na kama ni mali, vya kwetu viko wapi?

Swali hilo la pili ndilo lililonikaa moyoni. Lakini kabla ya kulijibu, hebu tuulize kwanza dola hizo milioni 6 zilinunua nini hasa.

Tuanze na istilahi, maana ukumbi huu ni wa lugha. Kiswahili kina katuni na kina kibonzo, na wengi wetu huyachanganya maneno haya. Mkenya wa kawaida akisema katuni, mara nyingi anawaza vipindi vya watoto kwenye runinga, au ule mchoro mmoja wa kumkejeli mwanasiasa katika ukurasa wa tahariri. Mimi hutumia kibonzo kwa hadithi inayosimuliwa kwa msururu wa picha na maneno, fremu baada ya fremu. Wapo wanaopendelea hadithi-picha, na sina ugomvi nao.

Kilicho muhimu ni huo msururu. Katika fremu ya kwanza mtu ameinua rungu. Katika ya pili mwenziwe yuko chini, ulimi nje. Nani aliyepiga? Mchoraji hakuchora pigo. Wewe msomaji ndiwe uliyepiga, katika ule mwanya mweupe ulio baina ya fremu mbili. Mmarekani Scott McCloud alilieleza jambo hili vizuri katika kitabu chake Understanding Comics cha 1993, na sijaona aliyelipinga kwa hoja nzito. Kibonzo hukamilika akilini mwa anayekisoma. Bila msomaji, ni karatasi yenye wino.

Sasa rudi mnadani. Aliyenunua Action Comics hakununua hadithi. Hadithi hiyo imechapishwa upya mara nyingi, na unaweza kuipata kwa bei ya chakula cha mchana. Alichonunua ni kitu kilichopimwa. Tangu mwaka wa 2000 kuna kampuni Marekani iitwayo CGC ambayo kazi yake ni kupokea vijitabu vya vibonzo, kuvikagua mikunjo na madoa, kuvipa alama kati ya 0.5 na 10, kisha kuvifungia ndani ya boksi la plastiki ngumu. Nakala ya dola milioni 6 ilipewa 8.5. Ukilivunja boksi ili upekue kurasa, ile alama haina kazi tena. Itabidi ukipeleke kijitabu kupimwa upya.

Yaani thamani ya kijitabu imesimama juu ya sharti kwamba kisisomwe! Sijui kama kuna tanzu nyingine ya fasihi iliyofikishwa hapo.

Na kwa nini nakala hizo ni adimu? Kwa sababu zilisomwa zikachakaa, zikapitishwa mkono hadi mkono, kisha zikatupwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walihimizwa kutoa karatasi kuukuu kwa ajili ya vita, na vibonzo vingi vilienda huko. Baada ya vita zikaja kampeni za kuvichoma hadharani, wazazi na walimu wakiamini vinawapotosha watoto. Mwaka wa 1954 daktari wa akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu kizima cha kuvishutumu, Seduction of the Innocent, na mwaka huohuo wachapishaji wenyewe wakajiwekea kanuni za kujidhibiti. Kilichobaki baada ya msukosuko huo ndicho leo kinachouzwa kwa mamilioni.

Ajabu ni kwamba soko lilipojaribu kuzalisha uadimu huo kwa makusudi, lilijikata mguu. Mnamo 1991 toleo la kwanza la mfululizo mpya wa X-Men lilitolewa kwa majalada tofauti tofauti, na zaidi ya nakala milioni 8 zikaagizwa. Novemba 1992 likaja toleo la kifo cha Superman, limetiwa ndani ya mfuko mweusi uliozibwa, na watu wakapanga foleni. Wengi walinunua mbili au tatu: moja ya kusoma, nyingine za kuweka hadi watoto waende chuo kikuu. Lakini ikiwa kila mtu ameweka, nani atakosa? Nakala hizo leo ni bei ya kutupa. Maduka mengi ya vibonzo yalifungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Hata Diamond, msambazaji mkuu wa vibonzo Marekani kwa miongo mingi, iliingia mahakamani kwa njia hiyohiyo Januari 2025.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi. Vijana waliomuumba Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zake zote kwa dola 130. Hundi waliyolipwa, yenye malipo hayo pamoja na ya kazi nyingine, iliuzwa mnadani mwaka wa 2012 kwa dola 160,000. Ile karatasi ya benki tu! Wenyewe waliishi kwa dhiki miaka mingi, hadi 1975 ambapo kampuni iliyomiliki haki hizo, baada ya kuaibishwa hadharani, ilikubali kuwapa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarejesha majina yao juu ya kazi yao. Katika zile dola milioni 6 za juzi, sheria ya Marekani haimpi mchoraji wala warithi wake hata senti moja.

Haya ya ugenini yanatuhusu vipi? Yanatuhusu kwa sababu vijana wetu wanauangalia mfano huo na kuutamani. Ukienda kwenye kongamano la vibonzo la NAICCON jijini Nairobi utawaona wamevaa kama mashujaa wa Marekani na Japani, na kando yao meza za wachoraji wa hapa wanaouza vijitabu vyao, vibandiko na fulana. Nguvu ipo, na kipaji kipo. Ninachohofia ni kwamba tutajifunza kuziba kabla hatujajifunza kuhifadhi.

Maana sisi hatukuhifadhi. Chukua jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst. Joe alikuwa mtu wa kawaida wa mjini, wa kucheka ili asilie, na kurasa zake zilibeba vibonzo na hadithi fupi zilizotupa taswira ya jiji ambayo riwaya chache za wakati huo zilithubutu kuitoa. Jarida lilikufa mwishoni mwa mwongo huo. Hirst ndiye pia aliyetupa Pichadithia, vijitabu vya ngano za Kiafrika kwa michoro. Litazame hilo jina: picha imeingia ndani ya hadithi, silabi moja ikamezwa, na neno jipya likazaliwa bila kamati ya istilahi. Neno zuri hivyo, na kamusi zetu hazikulidaka.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alitaka kuandika tasnifu kuhusu lugha ya Joe. Alizunguka maktaba akarudi na matoleo machache, mengine bila majalada. Katika maktaba moja, ambayo nitaisitiri, aliambiwa majarida ya aina hiyo yaliondolewa kupisha vitabu vya maana. Mwishowe tulipata manne kwa wale wauza vitabu wa kando ya barabara, ambao watu wa Nairobi wameubatiza mtindo wao 'Inama Bookshop'. Unainama, unapekua, unainuka na mgongo unaouma. Muuzaji alitaka shilingi hamsini kwa kila moja. Alipoona tumefurahi sana, akapandisha ya nne hadi mia mbili. Hapo, mbele ya macho yangu, soko la vibonzo vya kale la Kenya lilizaliwa, na sikumlaumu.

Mwanafunzi alibadilisha mada. Sasa anaandika kuhusu methali. Tasnifu kuhusu methali tunazo tele.

Mtu atasema, vibonzo ni vya kuchekesha tu, vya nini kuviwekea rafu? Nami nitamuuliza: Muyaka wa Haji, aliyefariki mnamo 1840, tunamfundisha leo kwa sababu gani? Kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alihangaika kuyakusanya mashairi yake, mmishonari William Taylor akayaandika, na W. Hichens akayatoa kama diwani mnamo 1940. Mengi ya mashairi hayo yalikuwa ya papo kwa papo, ya kuchokozana na kutaniana barazani, ya jambo la siku ile. Yangeweza kabisa kupotea na wasemaji wake. Na Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tendi kwa mkono wake kwa wageni waliomlipa, na nyingi ya nakala hizo ziko London, katika maktaba ya SOAS. Huo nao ulikuwa ukusanyaji, na ulikuwa na pesa ndani yake. Tofauti ni kwamba miswada ile hufunguliwa, husomwa, huhaririwa na kubishaniwa. Huwezi kumbishia Kijuma kupitia plastiki.

Kisheria hatuna udhuru. Sheria ya Vitabu na Magazeti inamtaka mchapishaji kuwasilisha nakala kwa Msajili. Lakini jaribu kwenda kuomba toleo fulani la kijitabu cha vibonzo cha miaka ya themanini uone utakavyotazamwa. Wakati huohuo, Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa na ofisi hapahapa Nairobi tangu 1966, kazi yake ikiwa kununua machapisho ya eneo hili na kuyasafirisha. Siwasuti. Wanafanya kazi ambayo ingekuwa yetu.

Kuhusu malipo ya wachoraji, hapa tumewapita Wamarekani, angalau kwenye karatasi. Marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yalimpa msanii wa sanaa za kuonwa haki ya asilimia 5 kila kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Nilishangilia niliposoma. Kisha nikajiuliza, kazi ipi? Haki hiyo inashikamana na mchoro asilia, ile karatasi aliyoigusa mchoraji, si nakala elfu zilizotoka mtamboni. Nayo michoro asilia ya wachoraji wa zamani, mingi iliishia katika droo za vyumba vya habari na haikurudi kwao. Frank Odoi, Mghana aliyehamia kwetu na kutuachia Akokhan, alifariki katika ajali ya matatu jijini mwaka wa 2012. Kazi ya mtu kama huyo ilipaswa kuwa imeorodheshwa ukurasa kwa ukurasa kabla hajazikwa.

Wachoraji wa leo, kwa upande wao, wanachora kwenye tableti. Hakuna karatasi asilia kabisa. Shujaaz, kijitabu cha Sheng kilichoanza 2010 na kugawiwa bure, kilimfanya Boyie awe rafiki wa vijana waliokuwa hawajagusa kitabu tangu watoke shule, kikashinda hata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Vijana wale sasa wanasoma kwa simu, wakisogeza kwa kidole kutoka juu kwenda chini kama wafanyavyo Wakorea. Mustakabali wa kibonzo uko huko, na mimi siulilii. Ila kilichochapishwa kikasahauliwa hubaki kwenye mtaro au chini ya godoro, mtu akakiokota. Kilichofutwa kwenye seva hakiokotwi na Inama Bookshop.

Ndiyo maana wanafunzi wanaponiuliza kama wanunue vibonzo ili waje kutajirika, huwaambia wanunue wavisome hadi vichakae, lakini wanunue viwili. Na wenye magazeti nao nawaomba wafungue stoo zao. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, na mabadiliko ya Kiswahili cha Kenya yamo mle ndani, neno kwa neno. Akichaguliwa michoro mia tatu, ikapewa tarehe na maelezo mafupi na kuchapishwa kwa jalada jepesi la bei nafuu, nina kozi ya muhula mzima tayari, na wanafunzi wa kuijaza.