Tunda Katika Shira na Aiskrimu ya Maziwa ya Kajiado: Namna ya Kuutambua Ubora

Ukiletewa sahani ya tunda lililopikwa katika shira pamoja na aiskrimu ya nyumbani, onja aiskrimu kwanza. Kasoro ya tunda huweza kufunikwa na sukari. Maziwa hafifu hayafunikiki.

Hapo ndipo Kajiado inapojivunia. Ng'ombe wa Wamaasai, zebu na Sahiwal, hawatoi maziwa mengi kama Friesian wa Kiambu, lakini mafuta katika maziwa ya zebu hukaribia asilimia 5, ilhali ya Friesian huwa kama 3.5. Kwa maziwa hayo, mpishi wa Kitengela anaweza kutengeneza aiskrimu nyepesi kwa viini vya mayai na sukari kiasi, bila krimu, na bado isiwe barafu tupu.

Weka kijiko kimoja ulimini, utulie. Ikikwaruza, haikukorogwa vya kutosha ilipokuwa ikiganda, au umeme ulikatika ikayeyuka kisha ikagandishwa upya. Ikiacha utando wa mafuta kinywani, mna mafuta ya mimea ndani yake. Ikinuka yai, moto ulizidi: maziwa na viini hupikwa hadi nyuzi 80 hivi, mchanganyiko ufunike mwiko, na ukipitisha kidole mstari ubaki wazi. Kisha acha bonge moja sahanini kwa dakika chache. Aiskrimu ya kweli hurudi kuwa maziwa mazito. Iliyojazwa hewa na unga wa kugandisha hubaki imesimama kama povu la sabuni.

Kuna ladha moja ambayo mgeni huidhania kasoro. Akina mama wa Kimaasai husafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, mzeituni wa porini, na maziwa hubeba harufu ya moshi wake. Mimi naihesabu kuwa sifa, tena kubwa, mradi moshi uje mwishoni, baada ya utamu. Ukitangulia, umezidi, na hapo ni heri kuyachanganya na maziwa yasiyo na moshi. Maziwa ya kibuyu yachemshwe kila mara, kwa usalama, na kiasi kidogo kijaribiwe motoni kwanza: yakiwa yameanza kuchacha yatakatika, na hayafai tena kwa kazi hii.

Kwa tunda, chaguo langu ni matunda damu kutoka nyanda za juu za Kiambu na Murang'a. Peasi gumu linafaa pia, ila ni pole mno. Halisemezani na moshi. Tunda damu lina uchachu, na uchachu ndio unaokifanya kitindamlo hiki kiwe chepesi. Ganda lake ni chungu, kwa hiyo hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika 1 na kumenywa. Ukionja uchungu pembezoni, jua mpishi aliharakisha.

Shira ya kaimati ni nzito na hunata. Hapa tunataka nyingine kabisa, kikombe 1 cha sukari kwa vikombe 4 vya maji, iliki mbili na kijiti cha mdalasini. Moto uwe mdogo, viputo vipande kimoja kimoja. Tazama sahani: nusu ya tunda iwe na umbo lake, mbegu zimeshika mahali pake, kijiko kiingie bila kusukumwa, na shira iwe nyekundu, angavu. Shira yenye ukungu na mbegu zinazoelea ni ishara ya sufuria iliyotokota. Midomo ikinata baada ya kuonja, sukari imezidi. Na ukiitambua iliki kabla ya tunda lenyewe, viungo vimezidi.

Kipimo kikubwa ni pale shira na aiskrimu zinapokutana. Shira chachu ikimwagwa ikiwa moto huyakata maziwa, na utaona chembe nyeupe zikielea. Tunda lililopozwa vizuri huacha mkondo laini wa waridi. Mpishi aliyefikia hapo anastahili sifa, hata kama sahani yake haina pambo lolote.

Kiangazi maziwa huadimika Kajiado, na mengi yanayouzwa barabarani huwa yameongezwa maji. Subiri mvua za masika zioteshe nyasi. Mei na Juni ndiyo miezi ya aiskrimu hii.