Mrija wa Shaba Mikononi mwa Fundi

Kamina, mkoani Haut-Lomami nchini Kongo, ni njia panda ya reli. Shaba ya Katanga ilipita hapa kwa treni hadi Ilebo, ikashuka mtoni mpaka Kinshasa, ikafika Matadi na kuvuka bahari. Ilirudi ikiwa mirija: ndani ya rejeta za malori, ndani ya injini za ndege ambazo Wabelgiji walifundishia marubani wao katika Base ya Kamina miaka ya 1950. Nawasifu mafundi wanaoipokea shaba hiyo ikishachakaa na kuipa kazi nyingine.

Mrija mpya ni ghali, kwa hiyo fundi hununua chakavu: rejeta iliyotoboka, koki mbovu, tarumbeta iliyopondeka. Huweka sumaku, ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi. Hukwaruza kwa tupa; pakitokea manjano, ni shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Risasi za bunduki zilizookotwa hazigusi hata zikimeta, maana ambayo haijalipuka haijitambulishi.

Kukunja ndiko kunakompambanua. Mrija mtupu ukilazimishwa hubonyea. Yeye huujaza mchanga uliokaushwa vizuri, kwani unyevu hugeuka mvuke na kufyatua kizibo. Huziba ncha, huupasha mpaka uwe mwekundu hafifu, ndipo huukunja taratibu. Shaba ikigongwa sana hukakamaa na kupasuka. Moto huilainisha tena. Moto ukizidi kwenye shaba ya manjano, zinki hutoka kama moshi mweupe unaoleta homa, kwa hiyo fundi hufanyia kazi uwanjani penye upepo. Akiziba tundu, hutumia lehemu ya bati na risasi: huyeyuka kwenye nyuzi 200 hivi, ilhali shaba ya manjano husubiri kama 900. Katika pengo hilo rejeta hupona bila mrija kuharibika. Kipande kinachobaki hukatwa kuwa noleo la kisu au bushi ya pampu.

Ustadi huu ni wa kale kuliko reli. Kando ya Ziwa Kisale, humu humu Haut-Lomami, makaburi ya Sanga yalifukuliwa yakiwa na misalaba ya shaba iliyotangulia ukoloni kwa karne nyingi. Wayeke, wenye asili ya Unyamwezi, walivuta waya wa shaba kwa mkono katika karne ya 19.

Shaba iko Kolwezi, zinki iko Kipushi. Atakayejenga kiwanda cha mirija kati ya miji hiyo aanze kwa kuwaajiri mafundi hawa, awalipe kama walimu.