Rubani na Kalamu Yake

Mtu asimamaye Feri, Dar es Salaam, akingoja pantoni la Kigamboni, huona meli kubwa zikiingia bandarini kwa mlango ule mwembamba, na rubani yumo akimwelekeza nahodha. Neno rubani lilikuwa la bahari muda mrefu kabla halijapanda angani. Hapo Feri, nimebanwa baina ya matenga ya samaki, ndipo nilipomaliza kusoma mara ya pili West with the Night, kitabu alichokitoa Beryl Markham mwaka 1942, nikaona kuwa yeye naye ni rubani wa namna ya zamani.

Bibi huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya angali mtoto, akakulia Njoro katika shamba la baba yake. Alifundisha farasi wa mashindano. Mwaka 1931 alijifunza kurusha ndege. Tangu hapo akawa akichukua abiria na barua, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka juu. Tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, bila redio, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi huku akikabili upepo. Baada ya saa zipatazo 20 akaangukia matopeni huko Nova Scotia, Kanada, naye akatoka hai.

Safari hiyo iliyompa jina imepewa kurasa chache tu karibu na mwisho wa kitabu. Silalamiki, mabaharia wa kweli hawana maneno mengi juu ya tufani. Utajiri wa kitabu uko Njoro, msichana anapowinda kwa mikuki pamoja na arap Maina, na kucheza na Kibii, mwana wa mzee huyo. Arap Maina anakufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kibii anakua, anaitwa arap Ruta, anarudi kwa mwenzake wa utotoni kama mtumishi, na sasa anatembea nyuma yake. Mtungaji ameliona jambo hilo na kulitia uchungu. Walakini haulizi ni nani aliyeichora njia hiyo. Kadhalika, watu wake wa Kiafrika husema kwa uzito mmoja, kana kwamba kila mtu ni mzee barazani. Mwandishi aliyekijua Kiswahili tangu utotoni hakukosa kusikia mzaha wetu na mafumbo yetu. Mbona hakuyatia?

Liko na pengo jingine. Alipotunga alikuwa ameolewa mara mbili na amezaa mwana mmoja, kitabuni hayamo. Shaaban Robert katika Maisha Yangu anamlilia mkewe Amina mbele ya msomaji. Simdai bibi Markham machozi, wala sijasikia mwanamume rubani akiulizwa habari za watoto wake. Nalaumu sanaa tu: upweke wake wa angani unakuwa mwepesi mno, maana hatuambiwi ni nani aliyeachwa chini.

Wapo wasemao kalamu haikuwa yake, bali ya Raoul Schumacher, mume wake wa tatu, ambaye humo kitabuni anashukuriwa kwa msaada. Errol Trzebinski alilitetea shauri hilo mwaka 1993. Mary Lovell, mwaka 1987, alikuwa amemwachia bibi kitabu chake. Mimi niko na Lovell. Msaada si utunzi, na jicho lile lipimalo farasi, ardhi na mawingu kwa kipimo kimoja ni la mtu aliyezifanya kazi zote. Ajabu ni kwamba usukani hakuna aliyembishia, kwa kuwa ndegeni hamkuwa na mtu wa pili.

Kitabu kilisahauliwa hata kilipochapishwa tena mwaka 1983, miaka mitatu kabla ya kifo chake Nairobi. Mwanafunzi atakayejaribu kukitia katika Kiswahili chetu itampasa kwanza aamue Kibii, akiisha kuwa mtu mzima, amwite rafiki yake kwa neno gani.