Pumzi ya Amalie Materna

Sisi tuliozoea taarabu ya spika zilizopangwa ukutani huwa twasahau kwamba zamani koo lilikuwa koo tu. Mwimbaji alisimama mbele ya watu na pumzi yake, basi.

Amalie Materna alizaliwa mwaka 1844 katika jimbo la Styria, kusini mwa Austria. Alianzia jukwaa la mji wa Graz, kisha akaenda Vienna kuimba opereta, ile michezo myepesi ya kuchekesha, katika ukumbi wa Carltheater. Wenye kiburi huuruka mwanzo huo wanaposimulia habari zake. Mimi naupenda. Opereta humfunza mtu kutamka, maana msikilizaji asiyepata neno hacheki. Mwaka 1869 akaingia Hofoper, jumba la opera la Kaizari, akianza na Selika, malkia katika L'Africaine ya Meyerbeer, na akadumu hapo hadi 1894.

Lakini jina lake limefungwa na mji wa Bayreuth, Ujerumani, Agosti 1876, mtunzi Richard Wagner alipoonyesha Ring, mfululizo wake wa opera, yote kwa mara ya kwanza. Materna alikuwa Brünnhilde, mhusika mkuu wa kike. Usiku wa tarehe 14 aliingia kwa ukelele wa vita unaoruka juu mpaka C ya juu, kabla koo halijapata hata nafasi ya kupata moto. Tarehe 16 mambo yaligeuka: Brünnhilde amelala usingizi wa uchawi, naye huamka mwisho kabisa, akaimba karibu nusu saa na shujaa ambaye ameshaimba tangu pazia la kwanza. Kesho yake akaimba jioni nzima, na mwishoni akaimba peke yake mbele ya moto kwa takriban dakika 20. Chini ya jukwaa, ndani ya shimo lililofunikwa, walikuwapo wapigaji ala zaidi ya 100.

Watu hudhani kazi hiyo ni ya mapafu. Anayeshindana na okestra kwa kupiga kelele huishiwa mapema. Fundi hufanya hivi: kadiri noti inavyopanda, hushusha taya na kufungua kinywa zaidi, mpaka mwangwi wa kinywa ulingane na noti yenyewe. Hapo sauti hukua bila pumzi kuongezwa. Pumzi huiachia kwa kipimo, kama mwenye ndoo moja na safari ndefu. Hasara ipo pia: huko juu irabu zote huanza kufanana, na neno hupotea. Ndipo mafunzo ya opereta yanapomsaidia, kwani konsonanti zikikatwa sawasawa, msikilizaji hujijazia yaliyobaki.

Mwaka 1877 Materna aliimba London katika tamasha za Wagner, Royal Albert Hall. Mwaka 1885 akawa Brünnhilde wa Metropolitan Opera, New York. Alistaafu kabla gramafoni haijaanza kuwatafuta waimbaji wakubwa wa opera, kwa hiyo hatuna la kusikiliza. Twabaki na noti alizoandikiwa, na hizo zatosha kutuambia ni mzigo gani aliubeba.

Ningepewa tiketi moja ya kurudi nyuma, nisingeomba ule usiku wa moto. Ningeomba Julai 26, 1882, onyesho la kwanza la Parsifal, opera nyingine ya Wagner, Bayreuth hiyohiyo, Materna akiwa Kundry. Katika sehemu ya pili Kundry hucheka, hubembeleza, hulaani, na sauti hutupwa kutoka juu hadi chini bila huruma. Katika sehemu ya tatu, inayochukua zaidi ya saa nzima, hupewa neno moja tu, mara mbili: kutumikia. Muda uliobaki yumo jukwaani, kimya, akiosha miguu ya mtu na kuipangusa kwa nywele zake. Mwanamke aliyekwisha pita juu ya ala 100 aliachiwa neno moja, na ilimbidi alitamke kwa sauti ndogo mpaka lifike safu ya mwisho. Kwangu mimi, hapo ndipo ufundi wake ulipopimwa.

Alifariki Vienna mwaka 1918.