Kalamu ya Rajahmundry: tunakumbuka jina ao kazi ya mikono?

Mu vitabu vyetu hivi tumezoea kuandika juu ya ngoma, vyungu, mikeka na majina ya mababu. Leo tunaandika juu ya kalamu ya wino, na tena kalamu ya mbali, ya Wahindi. Msomaji atauliza: hii nayo ni mila? Angoje kidogo.

Bazee wetu waliosoma kwa misioni wanakumbuka kalamu ya kuchovya, chupa ya wino na vidole vyeusi siku nzima. Kiisha biki ikaja: wino ukiisha, unatupa. Zote zilitoka ngambo. Sisi tulijua paka kununua.

Lakini mu mji wa Rajahmundry, kando ya mto Godavari, upande wa kusini wa Uhindi, fundi mmoja, K. V. Ratnam, alianza mu 1932 kufanya kalamu za wino yeye mwenyewe. Uhindi ilikuwa bado chini ya Waingereza, mpaka 1947, na watu waliitwa kuacha vitu vya wageni na kutumia vya nchi yao. Ratnam alimpelekea Gandhi kalamu. Mu mwezi wa Julai 1935 Gandhi alimwandikia kumshukuru, akasema ameitumia, na inaonekana kufaa pa fasi ya zile za kigeni zenye kuuzwa sokoni. Ile barua njo ilikuza jina la Ratnam.

Hapo tuko na neno la kusema. Mara mingi mwenye kusimulia hii kalamu anaanza na Gandhi na anamaliza na Gandhi. Fundi anabaki nyuma. Na tukiisoma barua vizuri, sifa yake ni ya kipimo: kalamu inafaa badala ya ingine. Gandhi mwenyewe alikuwa anasifu zaidi kalamu ya tete, yenye mwanakijiji anaweza kuchonga na kisu. Barua peke haitoshi. Tuangalie kalamu yenyewe.

Mwili wake ni wa eboniti, ni kusema mpira uliochanganywa na kiberiti kingi na kupikwa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Fundi anashika kipande cha eboniti, anakikereza kwa mashine, anatoboa tundu, anachonga mistari ya kufungia kifuniko, anasugua mpaka inang'aa. Ndani hakuna pampu. Unafungua, unadondosha wino mu mwili wenyewe, unafunga. Vipande ni vichache, na aliyevifanya anaweza kuvibadilisha. Nibu ya chuma ni kwa mwenye pesa kidogo, ya dhahabu kwa mwenye nazo.

Tusiseme uongo: iko na kosa. Wino ukipunguka, hewa inajaa ndani. Joto la mkono linaipanua, na tone linaanguka pa karatasi. Mwanafunzi mwenye shati jeupe anajua hasara yake. Biki haifanye vile, na watu hawakuipenda bure.

Na kalamu haiandike bila wino. Kule Bengali, wino wa Sulekha ulianza kufanywa mu 1934, kwa nia ileile ya kutumia vitu vya nchi. Kiwanda kikafungwa mwisho wa miaka ya 1980, kikafunguliwa tena mu 2006. Miaka yote ile watu walikuwa na kumbukumbu ya jina, lakini wino hapana.

Sasa habari inatugusa sisi. Wakati wa Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, mababu wa inchi yetu walilazimishwa kutafuta mpira mu pori. Wengi walikufa, wengine walikatwa mikono, na mpira ukapanda meli mpaka Antwerp. Hatusemi kama mpira wa Ratnam ulitoka kwetu. Tunasema hivi: kitu ni kimoja, mpira. Kwetu ulikuwa mzigo wa kubeba kwa fimbo. Mu Rajahmundry ukawa kazi ya kumpa mtu chakula na heshima. Ratnam alipoondoka, watoto wake waliendelea nayo.

Juu ya ile tunajikosoa sisi wenyewe, wenye kuandika mu kitabu hiki. Tukikuta kitu cha mila, tunauliza: ni cha zamani gani? Mukubwa gani alikisifu? Hatuulize: kikivunjika, nani anajua kukitengeneza? Na huyo, anafundisha nani? Fundi mwenye kupiga jembe kutoka chuma cha gari ya kufa yuko karibu na mila kuliko kikapu kizuri chenye kutundikwa ukutani, kama msukaji wake alikwisha kufa bila mwanafunzi.

Wasomaji wetu, mukienda kumuona muzee kwa kuandika habari ya mwaka ujao, muandike jina la kitu chake, ndiyo. Lakini muulize pia mtoto gani anakaa karibu naye wakati anafanya kazi. Kama hakuna, muandike ile pia.