Mtumishi Aliyejificha: Tahakiki ya Fikra ya Greenleaf kuhusu Uongozi

Katika semina za viongozi wa Kanisa na taasisi zake, ni nadra siku kupita bila kutajwa "uongozi wa utumishi". Wengi wetu hudhani kwamba msemo huu, kama unavyotumika katika semina hizo, umetoka moja kwa moja katika Injili. La hasha. Ulienezwa na Robert K. Greenleaf, Mmarekani wa Kanisa la Marafiki, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya AT&T hadi mwaka 1964, na ambaye mwaka 1970 alitoa insha iitwayo The Servant as Leader. Makala haya yanauliza swali moja tu: je, kiongozi anayefuata kielelezo hicho ataaminiwa na wale anaowaongoza kazini?

Greenleaf mwenyewe anaeleza kuwa wazo lake lilitokana na hadithi ya Hermann Hesse, Die Morgenlandfahrt, ya mwaka 1932. Humo kundi la wasafiri linahudumiwa na mtu aitwaye Leo, mbeba mizigo mchangamfu. Siku moja Leo anatoweka. Wasafiri wanamshuku kuwa ameondoka na vitu vyao, wanagombana, na safari inavunjika. Baada ya miaka mingi msimulizi anagundua kwamba Leo ndiye aliyekuwa mkuu wa chama kilichoandaa safari ile. Kutokana na kisa hiki Greenleaf anafundisha kuwa kiongozi wa kweli ni mtumishi kwanza, na ya kwamba kipimo chake ni kama wale anaowahudumia wanakua katika utu wao.

Fundisho hili lina thamani kubwa, na hatuna sababu ya kulibeza. Limewakumbusha mabwana wa viwandani na maofisini kwamba mfanyakazi si chombo. Hata hivyo, Greenleaf ameipita haraka mno sehemu moja ya hadithi. Leo aliwaficha wasafiri cheo chake, akawaacha bila neno la maelezo, kisha kutoweka kwake kukahesabiwa kuwa mtihani ambao wao waliushindwa. Mtumishi mwema, naam. Lakini imani ya watu iliporomoka mara tu alipoondoka, kwa sababu mambo yaliyowahusu yalikuwa yamefichwa kwao.

Katika miaka ya mwanzo ya utumishi wangu nilifanya kazi chini ya mkuu mmoja aliyekuwa mnyenyekevu wa kweli. Alfajiri alishika ufagio pamoja na wahudumu, na hakukosa msiba hata mmoja. Kisha mishahara ikachelewa kwa miezi mitatu. Tulipouliza, alitutia moyo tuvumilie, akaendelea kufagia. Watu wakaanza kusema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baadaye tulifahamu kwamba hakuna senti iliyoibwa. Ruzuku iliyotarajiwa ilikuwa imecheleweshwa. Maelezo ya robo saa yangetosha. Lakini kufikia hapo waliokuwa wakila naye sahani moja walikuwa wamekwisha kumwita mnafiki, na jina hilo halikumtoka mpaka alipohama.

Tukilinganisha na Yohana 13, tofauti inaonekana wazi. Yesu anatawadha miguu ya wanafunzi wake, kisha anaketi na kuwaeleza maana ya alilolitenda. Anakiri mbele yao kwamba yeye ni Mwalimu na Bwana. Cheo hakifichwi nyuma ya beseni. Na katika sura ya 15 anawaita rafiki kwa sababu amewaarifu yale aliyoyasikia kwa Baba. Mtume Paulo naye, alipokusanya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakutegemea sifa yake ya utumishi. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kuwa ndugu aliyechaguliwa na makanisa atafuatana nao, ili mtu yeyote asipate la kulaumu, maana yapasa kutenda yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia.

Kwa haki ya mwandishi, yafaa tuseme kwamba Greenleaf hakuishia kwa Leo. Katika insha yake ya mwaka 1972 juu ya taasisi, alionya kwamba mkuu aliye peke yake kileleni hapati habari za kweli kutoka chini, akapendekeza baraza la walio sawa, lenye mmoja wa kulitangulia. Sehemu hii ingetufaa zaidi, lakini semina zetu huiacha. Yamkini ni kwa sababu kushika ufagio siku moja ni rahisi kuliko kufungua daftari la hesabu kila mwezi.

Sisi tunaowaandaa wachungaji na wakuu wa taasisi hatuna budi kulirekebisha jambo hili darasani. Mwanafunzi afundishwe kutumika kwa unyenyekevu. Afundishwe pia kusema mbele ya wafanyakazi, "Dhamana hii ni yangu", kueleza habari mbaya kabla hajaulizwa, na kumkaribisha mwingine ahesabu fedha pamoja naye. Mfanyakazi anayesubiri mshahara hana njia ya kuuona moyo wa mkuu wake. Maelezo na hesabu anaweza kuviona, na ni haki yake kuonyeshwa.